Mashini inaomba Windows 11 kila siku: jinsi ya kuikatalia bila kuiacha uchi

Mama mdogo wangu anachapa TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi nyumbani kwake, upande wa barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi. Jumapili moja mtoto wake wa mwisho akanipigia simu (huku "yaya" ni ndugu mkubwa): "Yaya, mashini iliuliza kitu, mi nikafinya tu oui." Nilipofika, giga za intaneti nilizowawekea Ijumaa zilikuwa zimekwisha zote. Alikuwa amefinya oui mara mbili, ya pili ikiwa ya kuwasha upya, na sasa skrini ilikuwa nyeusi, vidoti vinazunguka, 34 %. Batri ya laptopu ile ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Tukakaa tunaiangalia kama mgonjwa. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika.

Kosa lilikuwa langu. Kwa miezi mitatu, kila nilipopita pale na kukuta kile kidirisha cha kuomba Windows 11, nilibonyeza "nikumbushe baadaye" nikidhani nimekataa. Anayesema baadaye hajakataa.

Mashini ilipona. Umeme uliporudi usiku, ilikaa zaidi ya saa moja ikijirudisha ilivyokuwa, na TFC tatu zilizokuwa kwenye disku zikakutwa salama. Tangu hapo nimefanya kazi hii kwenye mashini kadhaa za ndugu na majirani. Naandika kwa kutumia majina ya Kifaransa ya vitufe, kwa sababu mashini karibu zote huku zinaongea Kifaransa.

Jour na niveau

Kabla ya kugusa chochote, elewa maneno mawili. Sisi vyote tunaviita "mise à jour", na shida inaanzia hapo. Kwenye skrini kuna *mise à jour* na kuna *mise à niveau*, na hivyo ni vitu viwili.

*Mise à jour* ni kiraka. Paa limetoboka, fundi anapanda, anaziba tundu, anashuka. Nyumba ni ile ile. *Mise à niveau* ni kuhama nyumba: unatoka Windows 10 na kuingia Windows 11, na vitu vyako vinabebwa njiani. Kidirisha kikubwa kinachofunika skrini nzima na kusema ni bure kinataka uhame. Bure ni kweli, hakuna pesa ya leseni. Ila giga zinazopakuliwa ni nne na zaidi, na giga huku tunanunua.

Lengo letu ni kukubali *jour* na kukataa *niveau*. Nasisitiza kwa sababu wapo mafundi wanaomaliza kesi kwa kuzima huduma nzima ya Windows Update, wanachukua pesa yao na kusema imekwisha. Haijakwisha. Kwanza, Windows ina mlinzi mwingine ndani yake ambaye kazi yake ni kuiamsha huduma ile ikikutwa imelala. Pili, ikilala kweli, mashini haipati viraka. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta dunia nzima, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka ule. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Na mashini ya mama mdogo inapokea flashi za wanafunzi kumi kwa siku, kila flashi na magonjwa yake.

Angalia unasimama wapi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`, halafu Entrée. Kidirisha kidogo kitakuonyesha toleo. Unatafuta "Version 22H2". Hilo ndilo toleo la mwisho la Windows 10, hakuna jingine nyuma yake. Ukikuta namba ndogo zaidi, kama 21H2, acha kwanza mashini ifike 22H2 kupitia Windows Update. Huo si uhamisho, bado uko nyumbani.

Halafu nakili kazi zako kwenye flashi au disku ya nje. Najua kila mwongozo unasema hivyo na hakuna anayefanya. Fanya, hata kama ni folda moja tu ya kazi za wiki hii.

Na kama mashini si yako, uliza mwenyewe. Wengine wanaitaka hiyo Windows 11, na si kazi yako kuwakatalia.

Hatua ya 1: funga bomba la mega

Hii inachukua dakika moja, na ndiyo ningependa uifanye hata kama mengine yote utayaahirisha. Ingia *Paramètres*, kisha *Réseau et Internet*, kisha *Wi-Fi*. Bonyeza jina la mtandao uliounganishwa sasa. Shuka chini mpaka uone *Définir comme connexion limitée*, washa.

Kuanzia hapo Windows inajua kwamba mtandao huu unahesabiwa, na inaacha kupakua mizigo mikubwa kimyakimya. Viraka vichache vya lazima vinaweza kupita, si tatizo.

Kuna mtego. Mpangilio huu unashikamana na jina la mtandao, haushikamani na mashini. Ukiunganisha leo kwa simu yako na kesho kwa simu ya shemeji, simu ya shemeji ni mtandao mpya na bomba liko wazi. Kwa mama mdogo simu zinazogawa mega ni nne. Nilikaa pale zikiunganishwa moja baada ya nyingine, na kila moja nikaiwekea alama. Ukibadilisha jina la mtandao kwenye simu, rudia. Kama mnatumia waya badala ya Wi-Fi, mpangilio huo huo uko chini ya *Ethernet*.

Ukiwa hapo, nenda *Mise à jour et sécurité*, *Windows Update*, *Options avancées*, uhakikishe ile ruhusa ya kupakua kupitia *connexions limitées* imezimwa. Ikiwa imewashwa, kazi uliyofanya juu ni bure.

Bila shaka utauliza viraka vitaingia lini sasa. Siku ukiwa na mtandao usiohesabiwa, kazini au kwa rafiki, unganisha pale na umwombe Windows atafute mwenyewe. Microsoft hutoa furushi la viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo mara moja kwa mwezi, katikati ya mwezi, inatosha.

Hatua ya 2: mstari usiovukwa

Bomba limefungwa, lakini kile kidirisha bado kinaweza kuja, na mtoto bado anaweza kufinya oui. Sasa tunaiambia mashini wazi: nyumba yako ni Windows 10, toleo 22H2, usivuke hapo. Maneno hayo yanaandikwa kwenye rejista, daftari la ndani ambalo Windows inalisoma kila ikiwaka. Njia hii inafaa kwa Windows ya Pro na kwa ya Famille pia.

Usiogope rejista, ila usitalii humo. Ingia, andika ulichojia, toka.

1. Windows na R, andika `regedit`, Entrée. Ikiuliza ruhusa, jibu *Oui*.

2. Juu kushoto, *Fichier*, halafu *Exporter*. Chini ya kidirisha chagua *Tout*, hifadhi kwa jina kama "rejista-kabla". Ukiharibu kitu, una pa kurudia.

3. Juu kuna mstari wa anwani. Ufute, andika hii, kisha Entrée:

`HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows`

Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa ule mkwaju wa nyuma (`\`) unapatikana kwa AltGr pamoja na 8. Nimeona mtu mzima akiutafuta robo saa.

4. Angalia kama chini ya folda hiyo ya Windows kuna nyingine inaitwa `WindowsUpdate`, maneno yameungana. Mashini nyingi za nyumbani hazina. Kama haipo, bofya folda ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, *Nouveau*, *Clé*, uipe jina hilo.

5. Ingia ndani ya `WindowsUpdate`. Upande wa kulia, mahali peupe, kitufe cha kulia, *Nouveau*, *Valeur DWORD 32 bits*. Jina: `TargetReleaseVersion`. Ibofye mara mbili, weka 1.

6. Tena *Nouveau*, safari hii *Valeur chaîne*. Jina: `ProductVersion`. Thamani: `Windows 10`, na nafasi kati ya neno na namba.

7. *Valeur chaîne* ya pili. Jina: `TargetReleaseVersionInfo`. Thamani: `22H2`.

8. Funga, washa mashini upya.

Soma majina herufi kwa herufi kabla ya kufunga. Rejista haikusahihishi. Ukiandika `TargetRelaseVersion` itakuhifadhia neno hilo kwa heshima zote na isifanye kitu, na wewe utalala ukidhani mlango umefungwa. Ilinitokea kwenye mashini ya jirani.

Kwa anayefanya mashini nyingi, mistari mitatu hii inafanya kazi ile ile. Tafuta `cmd`, chagua *Exécuter en tant qu'administrateur*, halafu weka mmoja mmoja:

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f`

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f`

`reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f`

Mimi ninayo kwenye faili moja ya maandishi, kwenye flashi ya funguo zangu. Kunakili hakukosei herufi. Na kama hata hayo yanakutisha, kuna programu ndogo ya bure inaitwa InControl, ya Steve Gibson wa GRC, ambayo inakuandikia thamani hizo kwa kubonyeza tu, na inaweza kuzifuta vilevile.

Ukirudi Windows Update baada ya hapo, utaona mstari mwekundu unaosema mipangilio mingine inasimamiwa na *votre organisation*. Mama mdogo alipouona akaniita mbio: "Nani anasimamia mashini yangu?" Ni wewe. Windows ikikuta maneno ndani ya folda ya Policies inadhani ni kampuni imeyaweka. Mstari huo mwekundu ndiyo dalili kwamba kazi imeshika. Viraka vya kila mwezi havizuiliwi nao.

Hatua ya 3: nyamazisha tarumbeta

Kilichobaki ni kelele. *Paramètres*, *Système*, *Notifications et actions*. Katikati ya ukurasa kuna visanduku vitatu: kimoja kinahusu kukukaribisha baada ya mise à jour, kingine kukuonyesha namna ya kumalizia kusanidi kifaa chako, cha tatu kukupa *conseils* na *astuces*. Ondoa alama zote tatu. Hicho cha kati ndicho kinacholeta skrini ya bluu nzima asubuhi unapowahi kuchapa.

Kisha *Personnalisation*, *Démarrer*, zima *suggestions*. Na kwenye orodha ya programu, ukikuta *Contrôle d'intégrité du PC* au msaidizi wa kusakinisha Windows 11, ondoa. Ya kwanza kazi yake ni kupima kama mashini inafaa kuhama, na ukishaamua kukaa haina faida tena.

Juu ya kibodi ya mama mdogo nimebandika karatasi kwa skochi: "JOUR, oui. NIVEAU, ita yaya." Imefanya kazi kuliko rejista.

Mtu akikuambia utafunga tu kidirisha kwa ule msalaba wa juu, mkumbushe ya Windows 7. Mwaka 2016, wakati ule wa kuwahamisha watu kwenda Windows 10, ulifika muda ambapo kufunga kwa msalaba hakukufuta ratiba. Saa ikifika, mashini inahama. Watu walilalamika mpaka hilo likarekebishwa, lakini mimi tangu hapo msalaba siuamini.

Kama mzigo umeshaingia

Labda Windows 11 imeshapakuliwa na inasubiri tu uwashe upya. Usiwashe upya bado: fanya Hatua ya 2 mpaka namba ya 7, ile ya 8 ya kuwasha upya iache mpaka umalize usafi ufuatao. Baada ya hapo tafuta *Nettoyage de disque*, chagua disku C, bonyeza *Nettoyer les fichiers système*, na kwenye orodha tia alama kwenye faili za muda za kusakinisha Windows. Kwenye disku ya GB 128 utashangaa nafasi itakayorudi.

Labda umeshahama na umejuta. Una siku 10. Ndani ya Windows 11, *Paramètres*, *Système*, *Récupération*, kuna kitufe cha kurudi kwenye toleo la zamani. Kinategemea folda ya `Windows.old`, kwa hiyo usiifute kwa kutafuta nafasi, na usisubiri siku ya tisa katika mji ambao delestaji (mgao wa umeme) haina saa. Ukitaka muda zaidi kabla siku 10 hazijaisha, fungua `cmd` kama administrateur na uandike `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60`. Hiyo inasogeza mpaka siku 60. Siku ya kurudi, mashini isiyo na batri ifungwe kwenye ondula (kifaa chenye batri kinachoshika umeme ukikatika) yenye nguvu ya kutosha, au fanya wakati jenereta ya jirani inanguruma.

Usikubali fundi akuzimie TPM (kijisehemu cha usalama kinachotunza funguo za mashini) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kabla Windows haijawaka, ili mashini "isifae" kwa Windows 11. Hila hiyo inafanya kazi, lakini kama disku imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, ukiwasha itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Unao?

Wapo ambao hawana haja ya yote haya. Windows 11 inataka TPM 2.0, démarrage sécurisé, RAM ya GB 4, disku ya GB 64, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashini nyingi za okazioni (za mtumba) zinazoingia mjini ni za kizazi cha 6 na 7, hazihamishwi. Kwao inatosha Hatua ya 3, kwa sababu zinachopata ni maonyo tu. Na zile za RAM ya GB 4 zinazotimiza masharti kwenye karatasi tu, mimi ningezikatalia hata ningekuwa na mega za bure. Fungua Word yenye TFC ya kurasa themanini na kivinjari pembeni, utaona zinavyohema.

Bei ya kukaa

Kukaa kuna bei yake. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na msaada wake wa kawaida umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hiyo mashini inawaka kama kawaida, ila viraka vya bure vya kila mtu vimesimama. Kwa hiyo ile *jour* tuliyoipigania sasa inaombwa.

Njia ya kuiomba inaitwa ESU (Extended Security Updates, viraka vya usalama vya nyongeza), na kwa watu wa nyumbani inafika mpaka 13 Oktoba 2026. Masharti ni toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft, hata kwa aliyezoea kuingia bila akaunti. Nenda *Mise à jour et sécurité*, *Windows Update*, utafute kiungo cha kujiandikisha upande wa kulia. Kuna njia tatu: kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti, ambayo haina malipo, pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au dola 30 mara moja. Mama mdogo tulimpitisha ya kwanza. Inaleta viraka vya usalama peke yake, hakuna kipya kingine, na ndicho tunachotaka. Akaunti moja inafunika hadi mashini 10, kwa hiyo familia inaweza kushirikiana.

Dawa ya virusi iliyomo ndani, Defender, Microsoft imesema itaendelea kupewa orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028. Inasaidia kwa zile flashi za wanafunzi. Haizibi matundu ya mfumo wenyewe, hiyo ni kazi ya viraka.

Siku utakapoamua kuhama kwa hiari yako, una batri mpya na giga za kutosha, rudi kwenye ile folda ya `WindowsUpdate`, futa thamani zile tatu na hizo tu, washa upya, na mwambie Windows Update atafute. Anza asubuhi.